Baba Ataka Mbao, Mdogo Wangu Ataka Viti vya Matatu, na Pesa Ni Zangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi South B hapa Nairobi na nafanya kazi ya hesabu katika kampuni moja ya Industrial Area. Kwetu ni Kwale, upande wa kusini, kijiji ambacho karibu kila nyumba ina mtu wa baharini. Nakuandikia juu ya mashua ya baba yangu, hasa viti vyake. Najua jambo lenyewe linaonekana dogo, lakini limenikosesha usingizi na limewagawanya watu wetu.

Mashua ile ilijengwa nikiwa shule ya msingi, na ndiyo iliyonisomesha. Ina viti vitano vya mbao vinavyokatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Kile cha tezi, yaani nyuma, ni cha baba. Hapo ndipo anapokaa ameshika mkono wa mashine. Ubao wake umeliwa katikati ukafanya bonde, rangi ilishatoka zamani, na ufa umefuata nyuzi za mti toka ncha hadi ncha. Baba ameufunga kwa kamba ya makumbi na kusema umepona. Viti viwili vya katikati vinacheza mtu akikalia, na kimoja kimeachana kabisa na ubavu upande wa kulia. Mwezi uliopita msumari wa kiti cha tezi, ulioliwa na kutu ukabaki ncha, ulimchana baba paja alipokuwa akiinuka. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi akamfunga kitambaa, na kesho yake mzee alirudi baharini. Ana miaka 72.

Siku nyingi sasa mdogo wangu wa kiume ndiye anayeendesha. Samaki wamepungua, petroli imepanda, naye anawaona wenzake wa Shimoni wakibeba wageni kwenda Kisite kutazama pomboo na matumbawe, wanarudi na pesa bila kulowesha nyavu. Alipokuja kwangu Aprili aliranda Kirinyaga Road mpaka akampata fundi wa viti vya matatu. Tangu hapo simu yangu imejaa picha: viti vyekundu vyenye mshono mweupe, ngozi ya plastiki inayong'aa, sponji nene. Anataka kung'oa mbao zote tano, aweke mabenchi mawili marefu kufuata mbavu, abiria watazamane, katikati pabaki wazi. Fundi amemwitisha Sh52,000 pamoja na fremu za chuma.

Baba hataki kusikia. Anataka mbao mpya za mvule au mbambakofi, kipimo kile kile, mahali pale pale, na kazi isimamiwe na fundi aliyeijenga mashua, ambaye naye ni mzee sasa. Fundi huyo amesema mbao, misumari na ujira ni kama Sh45,000, ikiwa hatakuta jambo jingine akifungua. Hilo neno "ikiwa" linanitia wasiwasi.

Zamu yangu ya chama imefika, na nina Sh50,000. Hakuna nyingine nyuma yake mpaka mwakani, maana karo inanisubiri. Mume wangu hanizuii, ila aliniuliza swali ambalo limenikaa rohoni: hizo pesa unampa baba, au unampa mdogo wako? Nilinyamaza.

Baba anasema, "Mashua yangu haijawa matatu." Mdogo wangu naye ananiambia, "Dada, ukimtengenezea viti vyake unamrudisha baharini akafie huko." Mama hupiga simu usiku kwa sauti ya chini: "Amua wewe mwanangu, mwenye pesa ndiye mwenye sauti." Mimi sauti hiyo siitaki. Wawili hao hawasemezani tena. Maneno yanapita kwa mama. Na juzi ami yangu ameongeza lake, kwamba tuiuze mashua, nichukue mkopo wa Sacco, tununue ya faibaglasi.

Sasa kusi limeshika na mashua imepandishwa mchangani. Nitengeneze viti alivyozoea baba, nibadilishe anavyotaka mdogo wangu, au nikae kando kabisa? Nikimpa mmoja, mwingine ataona nimemkana.

Binti wa Mvuvi,
South B

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla ya mashua, paja la baba. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na uchafu, na msumari huwapa njia ya kuingia ndani ya nyama, hata kama maji ya chumvi yameosha juu. Mara nyingi dalili hutokea kati ya siku 3 na 21, lakini zinaweza kuchelewa, na wazee wengi wa rika lake hawajachanjwa tena tangu ujana, au hawakuchanjwa kabisa. Hata kama kidonda kimeshafunga, mwambie mama ampeleke zahanati waulizie chanjo. Hili halihitaji kikao cha familia. Piga simu leo.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Nikikuelewa vyema, umeambiwa uchague kati ya mbao na sponji, lakini unachoogopa ni kwamba pesa zako zitatoa hukumu ambayo hakuna aliyeisema kwa mdomo: mashua hii ni ya nani kuanzia sasa, na itafanya kazi gani. Baba akipata mbao zake, yeye bado ndiye nahodha. Mdogo wako akipata mabenchi yake, zamu imebadilika. Ndiyo maana hawasemezani. Na ndiyo maana, nadhani, swali la mume wako lilikunyamazisha.

Niruhusu nianze na viti vyenyewe, kwa sababu kuna jambo sijaliona likitajwa na yeyote kati ya hao wawili, nalo ni zito. Katika mashua ya mbao ya kwetu, ubao wa kukalia una kazi mbili. Unakaliwa, na pia unashika mbavu. Umepigwa misumari kulia na kushoto ili kuta za chombo zisitanuke mawimbi yakiinua omo, yaani mbele, na kuangusha tezi, wala zisibanwe mashua ikilala ubavu mchangani. Ni kama boriti zinavyoshika kuta za nyumba. Ukizing'oa mbao zote tano ili katikati pawe wazi, umeondoa kilichokuwa kinashikanisha chombo. Siku hiyo hiyo huenda usione kitu. Baadaye utaona kalafati, ile pamba ya kuzibia, inatoka kwenye maungio, maji yanaingia pasipojulikana, na mataruma, ile miti ya ndani inayoshikilia kuta, yanaanza kulegea. Hicho kiti kilichoachana na ubavu wa kulia, hata kama hakuna anayekikalia, kimeshaacha kazi yake, na viti jirani ndivyo vinavyobeba mzigo wake.

Baba yako pengine anajua haya yote mikononi mwake bila kuwahi kulazimika kuyaeleza. Mtu aliyejifunza chombo kwa kukaa ndani yake tangu utotoni, akiulizwa "kwa nini?" hujibu "mashua haijawa matatu", na kijana husikia ukaidi wa uzee. Jiulize basi: una hakika gani kwamba baba anang'ang'ania mazoea? Huenda analinda kitu ambacho hajapata maneno yake. Mtu wa kumsaidia kuyapata ni yule fundi mzee. Mdogo wako akimsikia fundi akisema, "ubao huu ukitoka, ubavu huu utafunguka hapa," huku anapaonyesha kwa kidole, atasikia tofauti na anavyosikia kwa baba.

Lakini na mdogo wako nisimpite haraka. Ni rahisi, ukiangalia zile picha za viti vyekundu, kudhani anataka kujionyesha. Mimi nimesoma mstari wake mmoja mara kadhaa: "unamrudisha baharini akafie huko". Maneno hayo ni makali, na pengine aliyatumia kukubana. Yawezekana pia anaogopa kweli. Yeye ndiye aliye karibu, ndiye anayemwona mzee akiinuka kwa shida na paja limefungwa kitambaa. Wewe umeyasoma kwenye simu ukiwa South B. Ila kuna swali la kumrudishia kwa upole: kiti kibovu kimemzuia baba lini? Alichanwa na msumari, na kesho yake akaenda. Kama hofu ni baba kufa baharini, basi kumwachia kiti chenye ufa hakumweki nchi kavu, kunamweka pabaya zaidi akiwa majini. Suala la baba kupumzika ni la kwake peke yake, linataka heshima na muda, na halitamalizwa na aina ya kiti.

Na hoja yake ya samaki kupungua ni ya kweli kwake kila siku anapogawa mapato na kutoa gharama ya petroli. Kijana anayetafuta kazi nyingine kwa chombo kile kile hajamdharau baba yake. Ila muulize amefika wapi zaidi ya fundi wa viti. Chombo cha kuvulia na chombo cha kubeba abiria kwa malipo havitazamwi kwa jicho moja. KMA, mamlaka ya Kenya inayosimamia vyombo vya majini, hukagua, hutoa leseni, hutaka jaketi za kuokolea kwa kila aliyemo. Ameuliza ofisini kwao? Amekaa na wale wenzake wa Shimoni akajua miezi hii ya kusi, bahari inapochafuka na wageni kupungua, wanakula nini? Kama jibu ni kwamba wakati huo watarudi kuvua, basi mashua italazimika kuwa ya kuvulia pia, na mtu anayevuta jarife, ule wavu mkubwa, anahitaji pa kukaa, pa kuegemeza magoti na pa kuweka ndoo. Benchi lenye sponji nyekundu halimfai. Na hizo Sh52,000 ni za viti tu. Jaketi, ukaguzi na kivuli cha jua bado.

Kuna pia namna watu wanavyokaa. Mbao zinazokatiza huweka uzito katikati na chini. Mabenchi ya pembeni huupeleka uzito ubavuni, na fremu za chuma na sponji nene huwainua watu juu zaidi. Sasa fikiria pomboo watokee upande wa kushoto, na wageni wote waliokaa kulia wainuke na simu zao mikononi. Chombo kidogo hulala kwa jambo dogo kuliko hilo. Sisemi haiwezekani, maana vipo vyombo vilivyojengwa tangu mwanzo kwa mabenchi ya pembeni, vipana, vyenye sitaha chini yake inayoshika mbavu badala ya viti. Mashua yenu haikujengwa hivyo.

Vifaa navyo. Fundi wa matatu ni hodari kwa kazi yake, lakini kazi yake hulala chini ya paa. Sponji ya kawaida, ile ya magodoro, hunywa maji na haikauki ndani. Baada ya muda mfupi kiti kinanuka na ni kizito. Ipo sponji ngumu ya matundu yaliyofungika, kama ile ya mikeka ya mazoezi, ambayo hainywi maji. Mwambie fundi akate kipande akidumbukize kwenye ndoo, akikamue chini ya maji, akitoe, alinganishe uzito. Ngozi ya plastiki ya gari hupasuka mapema kwa jua na chumvi. Uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa, kwa hiyo uwe wa poliesta. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi kitaanza kutoa kutu pale pale kinapotobolewa boliti. Na ubao wa chini ya sponji: dukani Nairobi watakuuzia "marini bodi" wakisema ni ya maji. Nyingi ya hizo ni plaiwudi ya kumwagia zege, yenye ngozi ya kahawia juu, na ikikatwa ncha zake hunyonya maji zisipozibwa vizuri. Plaiwudi halisi ya vyombo hufuata kipimo cha BS 1088, na bei yake itakushtua.

Nigeukie mbao za baba, kwa sababu nazo zina hatari zake na ndizo zilizojificha ndani ya lile "ikiwa" lako.

Fundi akifungua kiti kilichoachana, atakuta nini pale ncha ya ubao inapokutana na taruma? Hapo ndipo kuoza huanzia, na adui mkubwa ni maji ya mvua. Maji ya chumvi huhifadhi mti kuliko watu wanavyodhani. Ya mvua yakituama kwenye kona huuozesha. Mashua iliyopandishwa mchangani msimu wa mvua bila kufunikwa huoza ikiwa imepumzika. Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi ya mbao tano, yaonekana busara fundi afungue kiti kimoja tu, hicho kibovu zaidi, apachome kwa ncha ya kisu kwenye taruma na ubavuni. Mti mzima hukataa kisu. Uliooza hukipokea. Agonge na nyundo pia, asikilize kama sauti ni kavu au imefifia. Ujira wa kufungua na kuchungulia ni mdogo, na utageuza "ikiwa" kuwa jibu. Huenda ukaambiwa Sh45,000 zinatosha na kubaki. Huenda ukaambiwa mataruma matatu hayafai, na hapo mazungumzo yote yanabadilika, hata pendekezo la ami litabidi lisikilizwe upya.

Huenda pia si mbao zote tano zinazotaka kubadilishwa. Ubao uliopasuka kufuata nyuzi wakati mwingine huokolewa kwa kupigiwa kipande cha kukatiza upande wa chini, au kugeuzwa ikiwa upande wa pili ni mzima. Kiti cha tezi, kwa ulivyokieleza, sidhani kitaokoka. Na mbao ziwe kavu. Ukishawishika kuzinunua Gikomba uzitume kwa basi kwa sababu ziko karibu nawe, kumbuka mvule mbichi husinyaa ukishapigwa, misumari inalegea, na mnarudi mlipoanzia. Fundi achague mwenyewe, hata ikibidi mngoje. Misumari iwe ile iliyochovywa kwenye zinki, isiyoshika kutu haraka. Msumari wenye kutu ndio uliomchana baba, na kabla ya kuchana mtu huwa umeshakula mti unaouzunguka. Mbambakofi ni mgumu, ukipigiliwa bila kutobolewa kwanza hupasuka siku ya kwanza.

Utasikia na ushauri wa mbao za plastiki iliyoyeyushwa upya, maana hapa Nairobi zinauzwa za kuwekea ua. Ni kweli Lamu, mwaka 2018, walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka uliofuata likafika Unguja. Lakini lile lilibuniwa lote kwa plastiki toka mkuku, yaani mti wa chini kabisa unaobeba chombo. Kuchomeka ubao mmoja wa plastiki palipokuwa na mvule ni jambo jingine, kwa kuwa plastiki hupinda polepole chini ya mzigo na jua.

Yupo atakayekuambia: weka mbao za baba, na juu yake fundi wa Kirinyaga Road ashone mito ya kufunga kwa mikanda, itolewe siku za kuvua na kurudishwa siku za wageni. Nakiri wazo hili lilinijia mapema, na bado naliona lina uzito wake, kwa kuwa mbavu zinabaki zimeshikwa na mgeni anakaa pazuri. Hata hivyo nisikufiche upande wake wa pili. Pesa zako hazifiki kote kuwili. Mto mnene nao huinua mtu, na ukilowa huteleza. Kubwa zaidi, unaweza kuleta amani ya juu juu: baba akaona mito ile kila asubuhi kama dharau, mdogo wako akaona ametupiwa kitu cha kumnyamazisha, na swali la nani mwenye mashua likabaki pale pale, limefunikwa.

Kuhusu faibaglasi ya ami, mwulize jambo moja tu: mkopo huo wa Sacco utakuwa kwa jina la nani? Kuta zake hazitaki kalafati wala haziliwi na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, ni kweli. Lakini chombo cha faibaglasi kilichotumika nacho mara nyingi huwa na plaiwudi ndani ya viti vyake, nayo huoza usipoiona, na wewe utakuwa ukilipa huku kinaoza.

Na kukaa kando? Una haki hiyo. Pesa za chama ni jasho lako, na karo ya watoto si jambo la kuonea haya. Hatari yake ni kwamba mdogo wako anaweza kukopa kwingine akang'oa zile mbao mwenyewe, au kusi likatulia na baba akarudi kukalia kamba ya makumbi. Ukiamua kutotoa, sema wazi, na useme kwa nini, ili ukimya wako usitafsiriwe na kila mtu anavyotaka.

Nina swali lililonijia niliposoma bei. Sh45,000 na Sh52,000, zote zinaizunguka Sh50,000 yako. Nyumbani walijua zamu yako ya chama imefika? Sidhani kuna hila. Ila watu wakijua kiasi kilichopo, mipango hukua mpaka ikijaze, na gharama halisi ya kazi haionekani tena. Ungewaomba wote wawili wataje kazi bila kutaja pesa, ungesikia nini?

Mama anasema mwenye pesa ndiye mwenye sauti. Namheshimu, na najua amechoka kubeba maneno ya watu wawili wanaolala nyumba moja. Lakini mwanangu, si lazima uipokee kazi aliyokupa kama alivyokupa. Pesa inaweza kuita kikao badala ya kutoa uamuzi. Unaweza kusema: "Ninacho kiasi fulani kwa ajili ya mashua, nacho kitatoka siku baba na mdogo wangu watakaponipigia simu wakiwa pamoja." Ni sharti gumu, na huenda likawaudhi wote kwa muda. Pima mwenyewe kama nyumba yenu inaweza kulihimili.

Kama nafasi inaruhusu, mambo haya yaende yakasemwe huko huko. Panda treni Syokimau Ijumaa, vuka Likoni, ulale kwenu. WhatsApp haifai kwa mzee wa miaka 72, maana picha ya kiti chekundu inafika kwake kama taarifa ya kustaafishwa. Anza na baba peke yake, kwa adabu yake, na usimguse kwenye viti. Muulize, "Baba, pepo za kaskazi zikirudi, ungependa mashua hii ifanye kazi gani, na nani awe ameishika?" Kisha ngoja. Asipojibu siku hiyo, amekusikia. Mdogo wako naye muulize peke yake, mbali na mama: kama wageni wasingekuwapo kabisa, angetaka kubaki baharini? Jibu lake laweza kukufundisha mengi kuliko picha zote alizokutumia.

Na wewe? Nimeipitia barua yako mwanzo hadi mwisho. Umeandika anachotaka baba, anachotaka mdogo wako, ami, mama, hata swali la mume wako. Sijaona mahali ulipoandika unachotaka wewe. Mashua ile ilikusomesha. Huenda unataka iendelee kuwepo hata isipoingiza senti. Huenda umechoka nayo. Yote mawili ni halali, na ukilijua lako kabla ya kufika kule, hutasukumwa na atakayelia kwanza.

Kusi likiwa bado linavuma mna muda. Hakuna haja ya fundi yeyote kulipwa wiki hii zaidi ya ujira wa kufungua kiti kimoja, na maturubai mawili ya kuifunika mashua kwa mvua yatakuja kwa bei ndogo kuliko taruma moja. Ukipata wasaa niandikie tena: unieleze zahanati walisema nini juu ya paja la mzee, na fundi alikuta nini alipopachoma kisu pale kwenye ubavu wa kulia.